Kistari cha Mama Boila

Msimamizi wetu pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ni mdogo wangu, tumbo moja, kitinda mimba wa mama. Nilimbeba mgongoni, nikamfuta makamasi, nikamfundisha kufunga kamba za viatu, na kamba zenyewe mpaka leo anafunga ovyo. Sasa anavaa tai. Siku aliyoletwa kutusimamia alinikuta mlangoni nimekumbatia lundo la shuka, akaniambia, "Habari yako, mama." Mama! Mimi dada yake niliyemwogesha kwenye beseni. Nikamjibu, "Nzuri, baba," na wenzangu wakacheka mpaka mmoja akaunguza foronya.

Jina la Mtaalamu tulimpa wiki hiyo hiyo. Mwenyewe alidhani ni sifa.

Mtaalamu alikuja na jambo moja tu kichwani: kikokotoo. Alikiokota mtandaoni, cha bure, ukurasa mmoja wenye visanduku viwili. Kwenye cha kwanza unaandika saa uliyoanza kazi, kwenye cha pili saa uliyomaliza, unabonyeza, kinakupa jumla. Basi, kwisha habari yake. Lakini alitukusanya kwa muda wa saa nzima na nusu, shuka chafu zikitungoja hadi mlangoni, akatueleza visanduku viwili kana kwamba kavichonga yeye. "Zamani mlikuwa mnafanya kazi kienyeji," akasema. "Sasa kila dakika itaonekana. Mashine haina rafiki, haina ndugu." Hapo akanitupia jicho. Mimi nikaziangalia kamba za viatu vyake.

Utaratibu ulikuwa huu. Daftari kubwa liliwekwa juu ya meza mlangoni. Kila mtu anaandika mwenyewe saa aliyoingia na saa aliyotoka, halafu Mtaalamu analibeba daftari ofisini kwake na kuzijaza zile namba kwenye kikokotoo, moja baada ya nyingine. "Andikeni saa kama mlivyokuja," alituambia. "Msiongeze, msipunguze." Alilisema hilo mara nyingi mpaka tukawa tunaambiana wenyewe kwa wenyewe tukigawana sabuni. Na yeye pia alijiandika, mstari wa juu kabisa: 2, halafu 10. "Mnaona? Hata mimi simo kwenye upendeleo." Saa mbili mpaka saa kumi, na katikati chai tatu.

Sisi tulikuwa wanane, wafuaji na wapiga pasi. Tuliandika 1, halafu 9: saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Tisa toa moja, unapata saa nane. Kikokotoo kikasema nane. Nani alalamike?

Wa tisa wetu alikuwa Mama Boila. Yeye aliandika 12, halafu 9.

Mama Boila ndiye mwasha boila, na ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Boila letu ni zee, linataka kubembelezwa. Unaanza kwa kutoa maji machafu ya chini, unaangalia kioo cha maji, unafungua mafuta kidogo, unawasha, unangoja, unafungua tena kidogo, na macho yako yasibanduke kwenye ule mshale wa kipimo cha mvuke. Yataka karibu saa nzima. Ndiyo maana Mama Boila huingia saa kumi na mbili asubuhi, ili sisi tukija saa moja tukute maji yanatokota na pasi zina mvuke, tuanze na shuka za chumba cha upasuaji ambazo hazingoji mtu. Saa tisa anatoka nasi. Hesabu mwenyewe kwa vidole: ni saa tisa za kazi, moja zaidi yetu, kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili. Hajawahi kuitaja ile moja ya ziada.

Sasa, likizo zetu zinakwenda kwa saa. Ukitimiza saa mia sita ndani ya miezi mitatu unapata mapumziko ya siku kumi. Na mwaka huu Mama Boila alizihitaji zile siku kumi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Binti yake, mtoto wake wa pekee, yuko mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alikuwa na mimba, mtoto kalala vibaya tumboni, na madaktari wa huko wakampangia upasuaji siku ya Alhamisi. Ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza mtoto alizaliwa akaishi nusu siku, na binti akayapitia yale peke yake kwenye kitanda cha wodi, maana mama yake alikuwa huku, anatuwashia boila. "Safari hii nitakuwa mlangoni," Mama Boila aliniambia, si mara moja. "Akifumbua macho anione mimi. Nimemwapia."

Jumatatu ya wiki hiyo Mtaalamu akabandika orodha ukutani, miezi mitatu yote, imechapwa, imepigwa mistari, juu kaandika jina la idara kwa herufi nene. Tukaisogelea. Sisi wanane kila mmoja alikuwa na 624. Chini kabisa alikuwepo Mama Boila, na mbele ya jina lake imeandikwa 234, na kabla ya hiyo 234 kuna kistari.

Alikisogelea kwa miwani yake yenye uzi. Akakigusa kwa kidole, kwa upole, kama mtu anayefuta vumbi.

"Mwenzangu," akaniita, "hiki kistari ni cha nini? Au wino umemwagika?"

Nikakitazama. Nikapiga hesabu pale pale: tisa toa kumi na mbili. Hasi tatu. Hasi tatu mara siku sabini na nane. Jamani! Kile kikokotoo kilimwona mtu anayeingia saa kumi na mbili na kutoka saa tisa, kikaona katoka kabla hajaingia. Mtu anayetuamshia kazi sote kimemfanya anadaiwa saa mia mbili thelathini na nne, na mjinga mmoja mwenye tai kaketi miezi mitatu anazijumlisha bila hata kujikuna.

"Ni makosa," nikamwambia. "Ngoja."

Sikubisha hodi. Nilimkuta Mtaalamu anapangusa kioo cha kompyuta.

"Dada, huku ni ofisini," akasema. "Undugu tuuache getini."

"Tumeuacha. Nijibu kama msimamizi. Baada ya saa kumi na mbili asubuhi inakuja saa ngapi?"

"Saa moja. Kwani mimi mtoto?"

"Basi waambie na hao waliokutengenezea mashine. Hiyo mashine yako baada ya kumi na mbili inangoja kumi na tatu. Sisi huku tunaanza upya. Mama Boila anaandika kumi na mbili na tisa, wewe unajaza kumi na mbili na tisa, inakutolea hasi, na wewe unaichapa! Kila siku hasi! Hukujiuliza mtu anafanyaje kazi hasi tatu? Anakuja kulivua boila mvuke?"

Akakitazama kioo. Akaanza kujikuna nyuma ya shingo. Mimi namjua: toka ana miaka mitatu akibanwa hujikuna pale. Nilimwona kabisa kaelewa, na moyo ukanitulia. Nikadhani sasa atachukua kalamu.

Akafungua droo, akatoa barua imewekwa ndani ya nailoni isipate kukunjika.

"Ripoti imeshakwenda kwa mkurugenzi," akasema taratibu. "Amenipongeza. Soma mwenyewe. Ameandika 'usahihi'. Sasa nirudi kumwambia nini, Dada? Kwamba nimeshindwa kusoma saa? Nitaonekanaje?"

"Utaonekana ulivyo."

"Mwambie avumilie. Miezi mitatu ijayo nitamrekebishia kimya kimya."

"Upasuaji ni Alhamisi hii! Mtoto wa mtu avumilie tumboni?"

"Sheria ni mia sita," akasema, na akaivaa ile sura ya kazi. "Yeye yuko chini ya sifuri. Akiondoka bila ruhusa, asirudi. Na hayo si maneno yangu, ni ya mfumo."

Nilimtukana. Sitayarudia maneno yenyewe maana mengine yanamgusa na mama yetu, na mama hana kosa ila la kumdekeza. Nikatoka.

Mama Boila alikuwa amenisubiri karibu na mashine ya kukamulia, mikono kaifunika kwa aproni. Nikamweleza yote. Nilidhani atalia; mimi mwenyewe nilikuwa karibu. Akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo anajua kwamba nimefanya kazi?"

"Anajua."

"Ila hataki kusema."

"Hataki."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye boila lake. Siku iliyofuata, Jumanne, aliingia saa kumi na mbili kama kawaida, akawasha, akatunza moto mpaka saa tisa. Kisha akaandika kwenye daftari 12, halafu 9, mwandiko wake ule ule wa kulala, akafungua ukurasa wa nyuma na kuandika kwa muda mrefu, amekunja uso. Alipomaliza akaenda ofisini akaweka ufunguo wa chumba cha boila juu ya meza ya Mtaalamu.

"Kesho asubuhi nina basi," akamwambia. "Siombi ruhusa. Nakuaga."

"Mama, ukitoka hapa kazi huna."

"Miaka kumi na tisa, mwanangu," akasema. "Basi."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilimsindikiza hadi getini, nikambebea kikapu. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na hapo nikajua kwamba anaogopa. Mwanamke wa umri ule akifukuzwa kazi leo, kesho nani anamchukua? Na aliondoka vile vile.

Jumatano tuliingia saa moja. Chumba kimya, kimya ambacho sikuwa nimepata kukisikia. Maji ya bomba baridi, pasi baridi, rola baridi. Tukasimama na mashuka yetu kama watu waliokosea mlango. Mtaalamu akafika saa mbili anapiga mluzi, akatukuta.

"Mbona hamfanyi kazi?"

"Hakuna mvuke," nikamwambia. "Uingize kwenye kikokotoo labda utatoka."

Saa tatu kasoro akashuka Mkuu wa wauguzi mwenyewe, mama mnene anayesema polepole, na akisema polepole ujue umekwisha. Akataka kujua shuka za chumba cha upasuaji ziko wapi. Mtaalamu akaanza habari ya mfumo. Mkuu wa wauguzi akamwangalia tai, akamwangalia uso, akasema, "Kuna mtu amelala mezani kule juu, hana cha kufunikwa. Mimi nataka shuka. Nazitaka sasa hivi, na wewe unanitia wasiwasi."

Hapo ndipo mdogo wangu alipokimbia. Kukimbia kweli, kamba zimefunguka. Akalizunguka boila mara mbili akilishika hapa na pale, halafu akanifuata na jasho jembamba.

"Dada, linawashwaje hili?"

Nikamfungulia daftari ukurasa wa nyuma. Pale Mama Boila alikuwa ameandika: Kwa atakayewasha. Na chini yake hatua kumi na moja, zimepangwa vizuri, moja moja, mpaka na onyo: ule mpini wa kushoto usiushike pale penye rangi nyekundu, panaunguza hata pakionekana pamepoa. Aliyefukuzwa kazi ndiye aliyemkanya aliyemfukuza asiungue. Mtaalamu hakusoma mpaka mwisho, akashika pale pekundu. Alipiga yowe lililofika wodi ya watoto.

Mkuu wa wauguzi alimpa amri moja: kesho, na kila siku mpaka apatikane mwasha boila, mvuke uwe tayari saa moja. Nani awashe? Sisi wanane tulitazama dari. Mimi nilikuwa najua kuwasha, Mama Boila alinifundisha zamani. Nilinyamaza, na wala sijuti.

Kwa hiyo Alhamisi mdogo wangu aliamka gizani, akaingia saa kumi na mbili na kidole kimefungwa bendeji. Tulipokuja saa moja tukamkuta na masizi mpaka masikioni, tai kaitia mfukoni, macho yamemtoka anaukodolea mshale. Mvuke ulikuwepo. Kidogo, lakini ulikuwepo. "Pole na kazi, baba," nikamwambia, nikaenda zangu kwenye pasi.

Saa saba mchana simu yangu ikalia. Nilipokea kwa mikono yenye maji. Nilisikia kelele za wodi, halafu kilio chembamba chenye hasira, halafu sauti ya Mama Boila ikicheka na kulia pamoja.

"Msikie, mwenzangu, msikie! Wa kike. Ana mapafu huyu, kuliko boila letu. Na mama yake kafumbua macho, kaniona. Kaniona mimi!"

Nikakaa chini juu ya lundo la shuka nikalia kama mjinga. Wenzangu wakapiga vigelegele mpaka Mtaalamu akachungulia kutoka kwenye chumba cha boila kuuliza kuna nini.

Saa tisa nikaenda kujiandika. Daftari halikuwepo mezani. Nikalifuata ofisini, bila hodi kama desturi yangu. Alikuwa amekaa amejikunja mbele ya kompyuta, hata hakunisikia. Juu ya meza kulikuwa na barua ya kumfukuza Mama Boila, imeshachapwa, bado kutiwa sahihi. Kando yake daftari liko wazi. Kwenye mstari wake wa siku hiyo alikuwa ameandika 12, halafu 9. Kisha kazikata zote mbili kwa kalamu nyekundu, na juu ya 12 kaandika 6, na juu ya 9 kaandika 15, saa za Kizungu. Kwenye kioo cha kompyuta kikokotoo kilikuwa kinasema: saa 9.

"Kumbe unajua," nikasema.

Aliruka. Mkono ukaenda moja kwa moja nyuma ya shingo, na bendeji yake.

"Dada, nilikuwa najaribu tu. Unajua huu mfumo una hitilafu kidogo..."

"Una hitilafu toka lini? Toka leo? Siku sabini na nane za Mama Boila mashine ilikuwa nzima, siku yako moja imeharibika? Ya mwenzio unaikuza mpaka unaibandika ukutani, yako hata jasho halijakukauka umeshaisahihisha! Huna hata haya. Nilikubeba mgongoni mimi, bora ningebeba kuni."

"Punguza sauti, watu watasikia."

"Wameshasikia." Na kweli, wale saba walikuwa wamejaa mlangoni, mikono viunoni. "Sasa na wewe sikia. Kesho sisi wanane tunaingia saa kumi na mbili. Tunaandika kumi na mbili, tunaandika tisa, hatuongezi, hatupunguzi. Hasi tatu mara nane, jumla hasi ishirini na nne. Kila siku idara yako inaipotezea hospitali siku nzima. Umpelekee mkurugenzi hiyo ripoti yenye usahihi. Akikuandikia barua nyingine, uitie kwenye nailoni."

Akatutazama mmoja mmoja. Akanywea, mabega yakashuka, na kwa kitambo kidogo nikamwona tena yule mtoto wa kwenye beseni. Sikumhurumia.

"Mnataka nini?" akauliza.

"Kaa. Andika."

Akaichana barua ya kumfukuza vipande vinne, nikamtaka aongeze, akaichana nane. Kisha nikavuta kiti nikakaa ubavuni kwake, na tukazipitia siku za Mama Boila zote sabini na nane, ukurasa kwa ukurasa. Sita na kumi na tano. Tisa. Sita na kumi na tano. Tisa. Hakuruka hata moja. Alipobonyeza mara ya mwisho kikatoka 702, kubwa kuliko ya mtu yeyote pale ndani, na mwenzangu mmoja mlangoni akasema, "Ohoo." Akachapa fomu ya likizo ya siku kumi kuanzia Jumatano, akaitia sahihi, akapiga muhuri. Ufunguo wa boila nikauweka mfukoni mwangu, maana zile siku zilizobaki ningewasha mimi, na si kwa ajili yake. Barua ya kumweleza mkurugenzi nikaiandika pamoja naye, yeye anaandika, mimi nasema.

Ikabaki orodha mpya ya kubandika ukutani. Mama Boila juu kabisa na 702 yake, isiyo na kistari wala doa. Chini yake sisi wanane. Chini kabisa, siku moja tu ya mwasha boila wa muda. Mtaalamu akaiacha nafasi ile wazi, kalamu imesimama hewani.

"Na yangu, Dada?" akauliza kwa sauti ndogo. "Yangu ya leo niandikeje?"

"Kama ulivyokuja," nikamwambia. "Usiongeze, usipunguze."

Akajaza 12. Akajaza 9. Kikokotoo kikatoa 3 yenye kistari, naye akaiandika mbele ya jina lake. Nikasimama pale pale mpaka akaibandika.